Ukisikia tari, aliyepiga dramu si Ringo

Tafuta "Love Me Do" ya Beatles, ile bendi ya Liverpool ya miaka ya 1960, popote unaposikilizia muziki wako, vaa spika za masikioni, halafu usihangaike na chochote isipokuwa tari. Ukisikia vijisahani vyake vikichakacha sambamba na mapigo, aliyekaa kwenye dramu si Ringo Starr, mpiga dramu wa bendi hiyo. Ringo yumo kwenye rekodi hiyo, ila yeye ndiye aliyeshika tari. Dramu zinapigwa na Andy White, deiwaka wa Kiskoti aliyeingia studio, akapiga, akalipwa ujira wake na kwenda zake. Usiposikia tari, basi huyo ni Ringo, labda uwe umeangukia rekodi ya kwanza kabisa, ya mpiga dramu aliyemtangulia.

Kipimo ni chepesi namna hiyo, na bado ukikaa na mashabiki wa muziki wa zamani utakuta watu wazima wanabishana hadi chai inapoa. Mmoja atasema Ringo hakupiga kwenye rekodi za mwanzo. Mwingine atasema kuna Mmarekani aliyempigia nyimbo chungu nzima. Wa tatu ataleta ile ya John Lennon, mwenzake Ringo kwenye bendi, kwamba Ringo hakuwa hata mpiga dramu bora ndani ya Beatles. Wawili wa kwanza wameshika kila mmoja ncha ya jambo la kweli. Wa tatu hana kitu mkononi, lakini tutamfikia.

Shida iko kwenye swali lenyewe. Tunauliza nani alipiga dramu kwenye wimbo fulani, ilhali wimbo mmoja unaweza kurekodiwa leo, ukarudiwa wiki ijayo na mtu mwingine, kisha rekodi zote mbili zikauzwa kwa jina lilelile. Ukiuliza habari za wimbo utapewa majibu matatu yanayogombana. Uliza habari za rekodi ya siku fulani, utapewa jibu moja.

Na hakuna wimbo uliochanganya watu kama huo wa tari. Una rekodi tatu na wapiga dramu watatu, ndani ya miezi mitatu na siku chache.

Ya kwanza ni ya tarehe 6 Juni 1962, katika studio za kampuni ya santuri ya EMI zilizoko Abbey Road, London. Mpiga dramu siku hiyo alikuwa Pete Best, aliyejiunga na wenzake Agosti 1960 walipokuwa wanaondoka kwenda kupiga kwenye vilabu vya usiku vya Hamburg, Ujerumani. Walirekodi nyimbo nne, na watu wa studio hawakuridhika na dramu. Prodyuza George Martin akasema jukwaani waendelee na wanayemtaka, lakini kwenye kurekodi yeye angeleta mtu wake. Enzi zile hilo lilikuwa jambo la kawaida kabisa: bendi ina mpiga dramu wake wa jukwaani, studio ina wake. Wenzake Pete wakaenda mbali zaidi. Tarehe 16 Agosti meneja Brian Epstein alimwita ofisini akamwambia nafasi yake imekwisha, na siku mbili baadaye Ringo akawa kwenye kiti.

Rekodi ile ya Pete ilikaa bila kutolewa kwa zaidi ya miaka 30. Ilipotoka mwaka 1995 katika mkusanyiko wa Anthology 1, watu walijisikilizia wenyewe: wimbo ukifika sehemu ya kati, mwendo unageuka na kuwa wa kurukaruka, kisha unarudi ulikotoka, kama dereva aliyebadili gia pasipotakiwa. Pete alipata mrabaha wake, na kwa kuwa mkusanyiko uliuzika sana, lilikuwa fungu la maana. Jalada la albamu hiyo limetengenezwa kwa picha na mabango yaliyochanwachanwa, na kwenye picha moja ya zamani kichwa cha Pete kimeondolewa, kichwa cha Ringo kikaonekana mahali pake. Mwaka 2008 Pete na bendi yake walitoa albamu, na jalada lake ni kile kipande cha picha kilichochanwa. Sijui kisasi kingine cha kistaarabu kama hicho.

Ringo hakuokotwa barabarani. Jina lake ni Richard Starkey, alizaliwa 7 Julai 1940 huko Dingle, mtaa wa makabwela mjini Liverpool, na utoto wake mwingi aliumaliza hospitalini. Akiwa na miaka 6 kidole tumbo kilipasuka, nusura afe. Akiwa na miaka 13 kifua kilimlaza tena, safari hii kwa karibu miaka miwili. Huko wodini watoto waligawiwa ala wapige ili wasizubae kitandani, na yeye akapenda ngoma. Kufikia mwaka 1960 alikuwa akipiga na Rory Storm and the Hurricanes, bendi iliyokuwa na jina kubwa Liverpool kuliko Beatles. Na hapa kuna jambo ambalo hata mashabiki wengi hawalijui: tarehe 15 Oktoba 1960, kwenye kistudio kidogo huko Hamburg, John Lennon, Paul McCartney, George Harrison na Ringo walirekodi pamoja kwa mara ya kwanza, wakimsindikiza mwimbaji mmoja wa bendi ya Ringo. Pete hakuwepo. Yaani wale wanne walikwisharekodi pamoja karibu miaka miwili kabla Ringo hajawa mmoja wao.

Sasa rudi Abbey Road. Tarehe 4 Septemba 1962 Ringo akarekodi "Love Me Do" kwa mara ya kwanza. Alikuwa na wasiwasi wa mgeni. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba walipojaribu wimbo mwingine alikuwa anapiga ngoma ya mguu huku mkono mmoja una tari na mwingine una manyanga, akigonga matoazi kwa hivyohivyo. Waliokuwa upande wa pili wa kioo walimwona kama amerukwa na akili. Tarehe 11 Septemba walipoitwa tena, Ringo alimkuta Andy White amekwishafunga dramu zake. Prodyuza Ron Richards, aliyesimamia kazi siku hiyo, alikuwa amemkodi. Ringo akapewa manyanga kwenye "P.S. I Love You" na tari kwenye "Love Me Do". Kuondolewa kwenye dramu namna hiyo kulimuuma sana. George Martin alikuja kumwomba radhi zaidi ya mara moja katika miaka iliyofuata.

Hadi hapo si vigumu kufuata. Mkorogo wenyewe ulianza kwenye kutoa santuri. Tarehe 5 Oktoba 1962 ilitoka santuri ya kwanza ya Beatles, na kwenye "Love Me Do" waliweka rekodi ya Ringo, ile ya 4 Septemba. Ukiigeuza upande wa pili, "P.S. I Love You" ni ya Andy White, na Ringo anachezesha manyanga. Santuri moja, pande mbili, wapiga dramu wawili. Machi 1963 ikatoka albamu ya kwanza, na humo "Love Me Do" iliyowekwa ni ya White, yenye tari. Baadaye hata ile santuri ndogo ilipochapishwa upya wakatumia ya White. Kanda halisi ya rekodi ya Ringo ikapotea, na ilipohitajika tena baada ya miaka mingi mafundi walilazimika kuinakili kutoka kwenye santuri iliyokwishauzwa. Ndiyo maana wakusanyaji wanazigombania zile za 1962 zenye lebo nyekundu: hizo ndizo zenye Ringo.

Marekani nayo ikapelekewa ya White. Mei 1964 "Love Me Do" ilishika namba moja huko, ikiwa na dramu za mtu ambaye hakuwa Beatle hata kwa siku mbili. White hakupata mrabaha, kwa sababu deiwaka hulipwa kwa kazi aliyoifanya siku hiyo na mambo yanaishia hapo. Alikuja kuhamia New Jersey, akawa anafundisha upigaji ngoma wa bendi za zumari za Kiskoti, na alifariki Novemba 2015 akiwa na miaka 85.

Kwa hiyo yule wa kwanza anayebisha mezani ana nyimbo mbili za kujitetea, basi. Albamu ile ya kwanza ina nyimbo 14, na kumi kati ya hizo zilirekodiwa kwa siku moja, 11 Februari 1963, Ringo akiwa kwenye kiti kuanzia asubuhi hadi usiku. Baada ya Septemba 1962 hakuna tena mtu wa kukodi aliyekalia dramu kwenye rekodi ambazo Beatles walizitoa EMI. Si mara moja.

Na yule Mmarekani? Huyo ni Bernard Purdie, mpiga dramu hodari kweli, ambaye miaka ya 1970 alianza kudai kwamba alipiga dramu juu ya rekodi 21 za Beatles. Watu walicheka, wengine wakaamini, na wengine wakamwita mwongo. Mimi simwiti mwongo, kwa sababu kuna mahali dai lake linaweza kuwa lilitokea. Mwaka 1961, kule Hamburg, Beatles walirekodi nyimbo chache wakimsindikiza mwimbaji Tony Sheridan, Pete Best akiwa kwenye dramu. Beatles walipovuma Marekani mwaka 1964, kampuni za huko zilizinunua kanda hizo za zamani, na kwa baadhi yake zikakodi watu wa kuongezea ala ili zisikike za kisasa. Inaelekea Purdie alikuwa mmoja wao. Kama ni hivyo, alifunika dramu za Beatle wa kweli, ila Beatle huyo alikuwa Pete. Kanda za EMI zenye Ringo zipo, zimesikilizwa moja baada ya nyingine, na anayesikika ni Ringo.

Kuna mtu wa nne ambaye huingizwa kwenye ubishi huu bila hatia yoyote. Tarehe 3 Juni 1964, siku moja kabla ya safari ya kwenda Denmark, Uholanzi, Hong Kong na Australia, Ringo alianguka kwa homa ya matonsili. George Harrison alisema bila Ringo haendi. Akabembelezwa akakubali, na nafasi ikajazwa na Jimmie Nicol, mpiga dramu wa London aliyevalishwa suti ya Ringo. Nicol alipiga jukwaani mpaka Ringo alipowafikia Melbourne katikati ya Juni. Hakurekodi nao wimbo hata mmoja studio. Alichowaachia ni msemo: kila alipoulizwa mambo yanakwendaje alijibu kwamba yanaanza kuwa mazuri, na miaka mitatu baadaye Paul akaukumbuka na kuutungia "Getting Better".

Hebu sasa tufike mahali ambapo Ringo kweli hayupo, maana papo, na mtu asiyejua hapatambui kwa sikio. Mwaka 1968 walipokuwa wanarekodi ile albamu yenye jalada jeupe, wanne hao walikuwa hawaelewani. Tarehe 22 Agosti Ringo alichoka, akaaga, akaondoka na familia yake kwenda Sardinia, ambako mwigizaji Peter Sellers alikuwa na boti. (Nahodha wa boti hiyo alimsimulia jinsi pweza anavyookota mawe na vitu vinavyong'aa chini ya bahari na kujipangia mbele ya pango lake. Ringo akatunga wimbo wa bustani ya pweza. Wavuvi wa Kizimkazi wangeweza kumpa aya mbili zaidi.) Waliobaki London hawakusimamisha kazi. "Back in the U.S.S.R." ina dramu za Paul, huku John na George nao wakiongezea zao. "Dear Prudence", iliyorekodiwa siku chache baadaye, ina dramu za Paul pia. Ringo aliporudi Septemba alizikuta dramu zake zimefunikwa maua.

Sikiliza "Dear Prudence" hadi mwisho. Yale mapigo yanayomiminika kuelekea tamati ni mazuri, na wengi wamemsifu Ringo kwa ajili yake. Ni Paul huyo. Aprili 1969 Paul alikalia tena dramu kwenye "The Ballad of John and Yoko", kwa kuwa John alikuwa na haraka, George alikuwa nje ya nchi na Ringo alikuwa anaigiza filamu. Waliipiga wao wawili tu, kila kitu. Kwenye kanda ya siku hiyo John anasikika akimwambia Paul aongeze mwendo kidogo, akimwita Ringo, na Paul anamjibu akimwita George.

Halafu kuna nyimbo ambazo kumtafuta Ringo ni kupoteza muda kwa sababu hazina dramu kabisa. "Yesterday" ni Paul, gitaa lake na wapiga ala za nyuzi wanne. "Eleanor Rigby" ni wapiga ala za nyuzi wanane na sauti za waimbaji. "Blackbird" ina kitu kinachogonga kama saa ya ukutani, na watu huapa ni ngoma. Ni miguu ya Paul sakafuni.

Ukizitoa zote hizo, kuanzia mwishoni mwa 1962 hadi 1970 karibu kila pigo la dramu unalolisikia kwa Beatles ni la Ringo. Mwanahistoria Mark Lewisohn, ambaye miaka ya 1980 alipewa ruhusa ya kuzisikiliza kanda zao, alisema kwamba katika miaka yote ya kurekodi ni mara chache tu, hazifiki kumi na mbili, ambapo wimbo ulibidi ukatishwe kwa sababu Ringo amekosea. Waliokuwa wakikosea ni wale watatu.

Ndiyo maana ile ya Lennon inanikera. Inasema Ringo hakuwa mpiga dramu bora duniani, wala hata ndani ya Beatles. Ni utani mzuri, una mizani yake, lakini hakuna mahojiano ya Lennon ambamo umepatikana. Umeonekana kwenye vichekesho vya redio vya BBC mwaka 1981, kisha mchekeshaji Jasper Carrott akausema kwenye televisheni mwaka 1983. Lennon aliuawa Desemba 1980. Alichokisema kweli, katika mahojiano marefu ya mwaka huohuo aliokufa, ni kwamba Ringo si fundi wa kitaaluma lakini ni mpiga dramu mzuri sana ambaye watu hawampi haki yake. Hata bila mahojiano, matendo yake yanatosha. Mwaka 1970 Beatles wamekwishavunjika, London imejaa wapiga dramu, na Lennon anataka kurekodi albamu yake ya kwanza ya peke yake, tupu, bila mapambo. Alimwita Ringo.

Alisikia nini kwake? Hapa inabidi tuende kwenye mikono.

Ringo ni mtu wa shoto. Bibi yake hakulipenda hilo, akamlazimisha kutumia kulia. Alipoanza dramu alizipanga kama wapangavyo wa kulia, na hajawahi kuzigeuza. Kwa mpiga dramu wa kulia, kupita kwenye ngoma zote ni kama kufagia uwanja: anaanzia kwenye ngoma ndogo iliyo mbele yake, mkono wa kulia unaongoza, anaserereka kwenda kulia hadi kwenye ngoma nene ya pembeni. Mkono wa Ringo unaotaka kuongoza ni wa kushoto, na ukiongoza kushoto kuelekea kulia mikono inapigana vikumbo. Amesema mwenyewe kwamba njia ile ya kawaida haiwezi vizuri, ila kinyumenyume anakwenda bila tabu. Matokeo yake ni zile pasi zake za ajabu: zinachelewa kidogo kuanza, zinaingia mahali usipozitegemea, na mtu wa kulia akitaka kuziiga anaona viwiko vinamsaliti. Zisikilize kwenye "A Day in the Life". Pale hazikai nyuma kumshikia mwimbaji mwendo; zinamjibu, kama kibwagizo. (Albamu yenye wimbo huo, kwa njia, ilizaliwa angani: wazo la bendi ya kubuni lilimjia Paul ndani ya ndege, Novemba 1966, akirudi London kutoka mapumzikoni Kenya.)

Jambo la pili ni mkono wake juu ya matoazi mawili yanayofungwa na kufunguliwa kwa mguu. Wengi hugonga juu chini. Ringo huyapangusa kwa upande, kama waipa ya gari, huku ameyaacha wazi kidogo, na kinachotoka ni mvumo mzito usiokatika. Ule uvumi unaojaza nyimbo za 1963 kama mvua kwenye bati ni huo.

La tatu si lake peke yake. Hadi mwaka 1966 utaratibu wa EMI ulikuwa kipaza sauti kikae mbali na ngoma ya mguu, ili mshindo usikiharibu. Aprili mwaka huo fundi sauti mpya, Geoff Emerick, kijana wa miaka 20, alikisogeza karibu, akaitoa ngozi ya mbele, akachukua sweta la sufu akalishindilia ndani ya ngoma. Ikaacha kulia "buum", ikaanza kulia "dub". Kisha akaipitisha sauti kwenye mtambo unaobana kelele mpaka kila pigo likawa kama limebonyezwa kwa kiganja. Ndivyo "Tomorrow Never Knows" ilivyopata zile ngoma zinazokuzunguka kama mganga amekuja na kilinge chake. Ni Ringo anayepiga mwanzo mwisho, na anarudia jambo moja kwa uvumilivu ambao mashine ingeuonea wivu.

Siku chache baadaye walirekodi "Rain". Muziki waliupiga kwa kasi, kisha kanda ikachezwa polepole, hivyo dramu zikawa nzito kuliko dramu yoyote inavyoweza kuwa chumbani. Ringo huutaja wimbo huu kama kazi yake bora. Anasema ni kama aliyepiga ni mtu mwingine, yeye amepandisha. Ukiusikiliza utaona kwamba karibu kila mstari una pasi mpya, na hakuna hata moja inayomkanyaga mwimbaji.

Kama umewahi kujiuliza kwa nini kwenye rekodi nyingi za zamani za Beatles dramu zote zimebanana sikio moja, sababu ni uchache wa njia za kanda. Mwanzoni walikuwa na njia mbili tu: ala kwenye moja, sauti kwenye nyingine. Oktoba 1963, walipofika kwenye "I Want to Hold Your Hand", zikawa nne. Nne nazo ni chache, hivyo dramu, besi na gitaa mara nyingi zilirundikwa njia moja, na zikisharundikwa kuzitenganisha ni kama kutoa chumvi mchuzini. Hali hiyo ilidumu kwa zaidi ya nusu karne. Timu ya mwongozaji filamu Peter Jackson, ilipokuwa inatengeneza mfululizo wa Get Back uliotoka 2021, iliunda programu iliyofundishwa kuitambua kila ala kwa mlio wake na kuichomoa. Mwaka 2022 ikatumika kuichanganya upya albamu ya Revolver, na Ringo akatolewa pembeni na kukaa katikati ya chumba. Mwaka uliofuata programu hiyohiyo iliichomoa sauti ya Lennon kwenye kaseti aliyojirekodia nyumbani miaka ya 1970, ikawa "Now and Then". Gitaa la George humo ni la 1995. Yeye alifariki 2001. Dramu ni mpya, za Ringo akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80. Ukiulizwa nani alipiga dramu humo utajibu haraka. Jaribu kuulizwa rekodi ni ya mwaka gani.

Vijambo vidogo viwili kabla sijaacha. Kwenye "Helter Skelter" ya 1968 kuna sauti inayopiga kelele mwishoni kwamba vidole vimetoka malengelenge. Wengi hudhani ni Lennon. Ni Ringo, baada ya kuupiga wimbo huo mara 18, na mwenye toleo la mono (lenye sauti ya njia moja) hawezi kumsikia, kwa sababu huko wimbo umekatwa kabla ya kelele hiyo. Na katika miaka yote ya Beatles alipiga peke yake mara moja tu, kwenye "The End" ya mwaka 1969. Alichukia mbwembwe za wapiga dramu wanaoachiwa uwanja, wenzake wakamsihi. Ni sekunde kama 15 hivi. Na hata hizo hakuzipiga peke yake: siku ya kurekodi gitaa na tari vilikuwa vinaendelea humohumo, kisha wakati wa kuchanganya vikazimwa, akabaki yeye.

Kinyume cha hiyo ni "Because", kwenye albamu ileile. John, Paul na George wanaimba kwa sauti zilizopangwa tabaka tatu, hakuna dramu hata chembe. Lakini nyimbo za mwendo wa taratibu namna ile ni rahisi kupotelea, na hawakutumia mashine ya kushika mwendo. Basi tarehe 1 Agosti 1969 Ringo alikaa hapo studio akigonga matoazi kidogokidogo, mlio ukipelekwa kwenye spika za masikioni za wenzake tu, wala hakuna aliyeubakiza kwenye kanda.